Kabla Hujajitenga, Tafuta wa Kubaki

Wengi wetu tukishachoka kabisa huanza na swali la mahali. Niende wapi? Lushoto, Bagamoyo, Kizimkazi, au kijijini kwa bibi? Ushauri wangu ni kwamba swali hilo lije la pili. La kwanza ni hili: nani atabaki? Nani atawaamsha watoto saa kumi na moja na nusu wawahi basi la shule, nani atampa mzee dawa zake, nani atafungua genge, nani atazungumza na mwenye nyumba akija kudai kodi. Ukilijibu hilo vizuri, hata chumba cha uani kwa dada yako kinatosha kwa mapumziko ya maana. Ukiliacha hewani, utalipa nauli na hoteli, kisha utakaa kwenye baraza lenye upepo mzuri ukipigiwa simu kuulizwa ufunguo wa stoo uko wapi.

Watu wa dini wanalijua hili kwa vitendo, ingawa hawalisemi sana. Katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, kwenye misikiti mingi ya Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Kariakoo utawakuta watu wamekaa itikafu. Mtu huingia na mto, shuka, mswaki na msahafu, na hatoki ila kwa haja ya lazima. Kwa anayetazama kwa mbali, hiyo ni ibada ya mja na Mola wake tu. Lakini futari inayoingia msikitini jua linapozama imepikwa na mtu. Daku nayo ina aliyeamka kuipasha moto. Hadithi sahihi zinasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa itikafu alikuwa akiinamisha kichwa kuelekea chumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), kilichopakana na msikiti, naye akimchana nywele. Sijaona maelezo mazuri zaidi ya namna kujitenga kunavyotegemea mikono ya walio nje.

Imamu Ghazali naye hakuuficha upande wa nyumbani. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Umri wake ulikuwa haujafika arobaini, jina lake limeenea, na ulimi ukamgomea: anataka kufundisha, maneno hayatoki. Matabibu walikata tamaa naye. Aliiacha kazi, akagawa mali, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake, ndipo akaelekea Damascus, ambako alikuwa akijifungia mchana kutwa kwenye mnara wa msikiti mkuu. Angalia mpangilio: riziki ya watoto ilitengwa kabla ya safari. Na pamoja na hayo, anaandika mwenyewe kwamba baadaye wito wa watoto ulimrudisha nyumbani, na kwamba mahitaji ya familia na misukosuko ya zama zake viliendelea kuivuruga faragha yake. Kama mwenye mnara alisumbuliwa, wewe mwenye vyumba viwili Mbagala usijione dhaifu.

Hapa inabidi nizungumze na akina mama, kwa kuwa ndio wanaobaki mara nyingi kuliko wanavyokwenda. Mwanamke wa pwani huwekwa ndani mara kadhaa maishani: akiwa mwali, akiwa kwenye fungate, akijifungua anakaa arobaini, akifiwa na mume anakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Sisemi eda ni mapumziko. Anayesema hivyo hajakaa eda. Ila zote hizo zina vitu viwili ambavyo mapumziko yetu ya kisasa hayana. Zina siku ya kuingia na siku ya kutoka inayojulikana na mtaa mzima, na zina watu waliopangiwa kazi. Mzazi aliye kwenye arobaini hapiki wala hafui. Kuna wa kumkanda maji ya moto, kuna wa kumshika mtoto ili alale. Hakuna anayemwita mvivu. Lakini mwanamke huyohuyo, mtoto akifika miaka sita, akisema anataka siku mbili za kuwa peke yake, wifi zake wataanza kuulizana kama amegombana na mumewe.

Dawa yake ni kuliweka jambo hili kama zamu, wala si fadhila. Wewe unakwenda mwezi huu, mwenzio anakwenda mwezi ujao, na tarehe zote mbili zinaandikwa siku moja. Atakayekushikia nyumba akiwa dada wa kazi, mlipe cha ziada na umpe siku zake za kupumzika, kwa sababu hakuna utulivu wa halali unaopatikana kwa kumchosha mwingine asiyeweza kukataa. Nyumbani waachie vitu vilivyonunuliwa tayari, na karatasi moja ukutani yenye namba za simu na ratiba ya dawa. Kisha waarifu ndugu mapema kwa ujumbe usio na utata. Mfano: "Habari za jioni wapendwa. Kuanzia Alhamisi baada ya magharibi mpaka Jumapili jioni sitapatikana kwenye simu. Niko salama, siumwi, sijagombana na mtu. Kukiwa na msiba au ugonjwa mpigieni baba watoto, yeye anajua nilipo." Ile sentensi ya kusema hujagombana na mtu usiione ya utani. Itakuokoa na simu nyingi za kina shangazi.

Jambo la pili kwa uzito ni mpaka. Watu hudhani kinachohitajika ni ukimya, wakiukosa wanakata tamaa. Ukimya kamili Dar es Salaam au Mombasa hupati; baa ya jirani itapiga muziki, jenereta litawaka, jogoo wa mtu atawika saa tisa usiku. Hata msikitini siku za itikafu hakuna kimya: kuna anayekoroma, kuna feni linalolia, kuna watoto waliokuja kumwona baba yao. Kinachowashikilia wale watu ni kanuni. Wanajua nini kitawatoa na nini hakitawatoa. Fanya hivyohivyo. Kabla ya kuingia, andika yale machache yatakayokutoa: msiba, mtoto kuumwa, moto. Mteja kuuliza bei hayumo. Kikao cha harusi hakimo. Ukishaandika, ubishi wako na nafsi utapungua sana, maana uamuzi umekwisha kufanywa na mtu aliyekuwa na akili tulivu, naye ni wewe wa juzi.

Mpaka usiwe ukuta, lakini. Bibi Safiyya (R.A.) alimtembelea Mtume akiwa itikafu, wakazungumza, naye akainuka kumsindikiza. Mwanao akija mara moja kukukumbatia hajakuharibia kitu.

Simu ina aya yake. Usijiambie utaizima tu na kuiweka mfukoni, mkono utaitafuta. Mkabidhi mtu, na kama ni lazima upatikane, weka laini yako kwenye kitochi, ile simu ndogo ambayo Kenya wanaiita mulika mwizi, na namba yake iwe kwa mtu mmoja tu. Na usitangaze kwenye status kwamba unaingia kwenye tafakuri. Ukitangaza, utakaa siku mbili ukiwaza nani ameona.

Muda je? Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na ya Kenya ya mwaka 2007 haipungui siku 21 za kazi. Zinatosha. Tatizo ni kwamba likizo zetu huishia kwenye saiti ya ujenzi, foleni za benki na harusi za ukoo. Chomoa siku tatu kutoka humo, uziwekee uzio, zilizobaki fanya utakavyo. Kwa anayeanza siku tatu ndizo nzuri, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye kidogo.

Asiye na likizo, yaani bodaboda, mama ntilie na fundi wa siku, asidhani mlango umefungwa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, itikafu haina urefu maalumu: ukiingia msikitini ukatia nia na kukaa hata kitambo kifupi, umeipata, na inafaa mwaka mzima, hata kwa ambaye hakufunga. Kwa Wakatoliki, Ignas wa Loyola, aliyetunga mazoezi ya kiroho ya siku thelathini, aliweka pia njia kwa watu wenye shughuli: wabaki kazini, watenge saa moja na nusu kila siku. Saa moja na nusu ni nyingi kwa mtu wa kijiwe, najua. Basi anza na nusu saa, saa ileile kila siku, mahali palepale, pikipiki imezimwa. Mwezi mmoja wa nusu saa una faida kuliko safari moja ya Zanzibar iliyolipiwa kwa mkopo.

Kuhusu mahali nitapita upesi. Kanuni ya Benedikto inawaagiza wamonaki wampokee mgeni kama Kristo mwenyewe, na desturi ya ukarimu ni ya tangu zamani katika abasia kama Peramiho, iliyoanzishwa 1898 huko Ruvuma, na Ndanda ya 1906 upande wa Mtwara. Ratiba ya huko ni ya kengele na sala, na ratiba ya watu wengine humpumzisha mtu aliyechoka kuamua kila kitu mwenyewe. Wakenya wana Subukia, kule Nakuru, ambako mahujaji hupanda kwenda kusali. Masista wa mashirika mbalimbali huendesha nyumba za mafungo karibu na miji mikubwa. Piga simu kwanza uulize chakula, malipo na kama kuna wa kukuongoza. Asiye na dini, au asiyetaka ya dini kwa sasa, akaombe chumba kwa rafiki aliyesafiri. Nyumba tupu yenye maji ya bomba na kivuli inafaa kabisa.

Sasa yatakayokukuta ndani. Siku ya kwanza utalala. Utalala mchana, utaamka umevimba macho, utalala tena, na utaona aibu kwamba umesafiri kote huko kuja kulala. Lala. Mwili una deni la miaka na huwezi kuzungumza na nafsi yako ukiwa unasinzia. Siku ya pili ndiyo mbaya. Usingizi umekwisha, simu haipo, na unaanza kuchoshwa na kila kitu. Chakula hakina ladha, kitanda kinauma, unawakumbuka watu uliowakimbia. Unaanza kukumbuka ugomvi wa mwaka juzi na mhasibu. Wengi hufunga mabegi hapo, wakisema jambo hili si la watu kama sisi. Ndiyo maana nilisema siku tatu: anayekuja kwa siku mbili huondoka akiwa kwenye kilele cha kuchoshwa, na hajui kwamba kesho yake maji yangetulia akaona chini.

Katika siku hiyo ya pili usipambane na mawazo. Tembea. Fua nguo zako kwa mkono, fagia uwanja, menya viazi kama wenyeji watakuruhusu. Mikono ikiwa na kazi nyepesi, akili hufunguka yenyewe. Kula vizuri pia. Ignas huyohuyo, alipokuwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, alifunga kupita kiasi, akaacha kukata nywele na kucha, akausumbua mwili wake mpaka ukaugua. Baadaye alilegeza masharti hayo, na watu aliowaongoza akawaonya wasijiumize. Kama umekuja kwa ajili ya mapumziko, kunywa uji wako wa asubuhi, kula samaki wako mchana. Mafungo ya chakula ni jambo jingine lenye adabu zake, na si lazima yachanganywe na hili.

Kisha njoo na swali moja. Anayekuja na maswali kumi (ndoa, kazi, kiwanja, mwana aliyefeli, kaka asiyerudisha pesa) atazunguka kati yao mpaka siku ziishe. Chagua linalokukosesha usingizi zaidi, liandike juu ya ukurasa kwa maneno yasiyozidi mstari. "Niendelee na kazi hii?" "Nimsamehe?" "Nirudi nyumbani kumtunza mama?" Siku ya kwanza usilijibu. Siku ya pili andika kila linalokujia upande huu na upande ule, hata la aibu, hasa la aibu, hakuna atakayelisoma. Siku ya tatu jaribu njia mbili za Ignas ambazo nadhani zinafaa hata kwa asiyekuwa Mkristo. Ya kwanza: mfikirie mtu usiyemjua kabisa, ambaye humtakii ila heri, amekuja na shida hiihii yako. Ungemshauri nini? Ushauri huo ujaribu kwako. Ya pili: jione umelala kitandani siku ya mwisho ya maisha yako, ukitazama nyuma. Siku hiyo ungependa uwe umeamua vipi? Utashangaa jinsi majibu ya kumshauri mgeni yanavyokuwa mafupi, wakati yako mwenyewe yana "lakini" nane.

Na kanuni yake nyingine, ambayo kama ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila daladala: ukiwa kwenye giza la moyo, usibadilishe uamuzi uliofanya ulipokuwa kwenye mwanga. Usiandike barua ya kuacha kazi siku ya pili. Usimtumie mumeo ujumbe wa talaka kutoka kwenye nyumba ya mafungo. Giza lina ushawishi mkubwa na linapenda haraka.

Kuna ambao kujitenga hakuwafai kwa sasa, na sitaki makala hii iwadhuru. Ukiwa na sonona, hulali wiki kwa wiki, hupati hamu ya chochote, au umewahi kufikiria kujiua, usiende kukaa peke yako. Nenda hospitali, mwambie daktari au mshauri nasaha, na kaa karibu na watu. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za kila siku, ARV zikiwemo, aende na dawa zake na azimeze kwa saa zake. Kiongozi yeyote wa kiroho atakayekwambia uache dawa kwa kuwa imani inatosha, mwage hapohapo. Tulizika watu wetu tayari. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulifukuliwa na kukutwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwemo, walioingizwa humo na mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Kwa hiyo uliza kabla ya kwenda: naweza kuondoka saa yoyote nikitaka? Ndugu zangu wanajua nilipo? Kuna chakula? Naruhusiwa kusema hapana? Jibu moja likiwa la kusitasita, usiende, hata kama mchungaji huyo au sheikh huyo anapendwa na mtaa mzima.

Kurudi ndiko kugumu kuliko kote, na ndiko kusikoandikiwa. Unarudi umenyooka, unakuta sinki limejaa vyombo na mtoto ana homa. Usifike nyumbani na hotuba. Uliyemwacha ana uchovu wake, na hataki kusikia kwamba umegundua maana ya maisha wakati yeye alikuwa akihangaika na umeme uliokatika. Shika kazi, mpe nafasi alale, yako yasimulie baadaye akikuuliza. Fungua simu jioni, si garini.

Kati ya yote uliyoyaona huko, chukua badiliko moja tu, na liwe dogo kiasi cha kuhesabika. "Niwe mtu bora" halihesabiki. "Nisiwafokee watoto asubuhi" linahesabika. Ignas alipendekeza njia rahisi kwa hili. Chora mistari miwili kwa kila siku kwenye daftari. Mchana jikague, weka nukta kwenye mstari wa kwanza kwa kila mara uliyoteleza. Baada ya chakula cha jioni jikague tena, weka nukta kwenye mstari wa pili. Linganisha asubuhi na jioni, leo na jana, wiki hii na iliyopita. Sababu ya kuteleza usiiandike, wala usijitetee. Nukta zikipungua utaona mwenyewe. Zikigoma kupungua, chunguza zinaangukia saa ngapi: mara nyingi utakuta tatizo ni kulala saa saba usiku, wala si tabia yako.

Uamuzi mkubwa, kama wa kuacha kazi au kuhama mji, uache ukae mwezi mzima baada ya kurudi, kelele zikiwa zimerejea kama kawaida. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, ikiwezekana asiyekusifu ovyo. Mwezi ukipita na bado moyo umetulia juu ya jambo lilelile, tekeleza. Na kama ni kazi unayoiacha, usiondoke kwa mori: kwa Tanzania, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Soma mkataba wako kwanza, huenda unataka zaidi.